Injini ya Nyuma na Macho ya Mkamwana

Mzee wangu, baba wa watoto wangu, alitoka hospitali Tukuyu na dawa za moyo kwenye mfuko wa kaki, na neno moja. Alilisema hata viatu hajavua.

"Nataka niende majini."

Daktari alikuwa ameniita pembeni akaniambia moyo wa mzee umepanuka, hausukumi tena kama zamani, nimpe anachotaka maadamu si pombe wala chumvi. Nikasema sawa. Nikarudi nyumbani nikainjika ndizi. Kina mama wa kanisani walikuja wamejiandaa kulia na mimi, leso mkononi, wakanikuta namenya viazi. Nikawapa visu wakamenya. Walisema nina moyo wa jiwe, wengine wakasema nina imani. Sikuwa na lolote kati ya hayo. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: upo, ni wako, ukiufinya husikii.

Maji aliyoyataka ni ziwa Kisiba. Tunaishi juu yake, migomba yetu inaishia ukingoni. Ni ziwa la shimoni, duara, dogo. Ukikohoa upande huu unaambiwa pole upande ule. Chini pale mzee ana banda la bati, na ndani ya banda ana boti.

Msifikiri mtumbwi. Ni boti ya kasi ya mzungu mmoja wa mashamba ya chai, aliyekuwa akiendesha mbio Jumapili huku mke wake akipiga kelele za raha. Mzee wangu, akiwa kijana, ndiye aliyekuwa akiitunza. Mzungu alipoondoka kurudi kwao akamwachia. Mbao nyembamba nyekundu, pua ndefu, usukani kama wa gari, viti vya ngozi ambavyo panya walivila zamani. Injini yake ilikaa katikati, chini ya sanduku la mbao. Ikafa tulipokuwa bado tunazaa. Mzee hakuitupa boti. Kila kiangazi alishuka kuisugua mafuta, watoto wake hawajawahi kupakwa mafuta hivyo.

Sasa alitaka kuipanda, na injini hakuna.

Mwanangu, baba wa wajukuu zangu, akaja na mkewe Jumamosi. Huyu mkewe ni mtoto wa Matema, kwao ziwa Nyasa, baba yake alikuwa na mashine za boti na yeye alizifungua na kuzifunga kabla hajajua kusuka ukili. Hapa Tukuyu anatengeneza pikipiki. Bodaboda wote wanamwita mama fundi, na mimi nikipita sokoni wananiita mama yake fundi, naitika kwa sauti kubwa ili wa mbali wasikie. Mwanangu anauza mbolea. Majini hafai. Tulimweka kwenye mtumbwi mara moja akatapika ziwa likiwa limetulia kama chai kwenye kikombe. Kwa hiyo ilijulikana toka mwanzo: mzee akienda majini, anayemwendesha ni mkamwana.

Na hapo ndipo penye mfupa. Sisi Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia migombani. Asimtazame, asile mbele yake, asitaje jina lake. Mchungaji anasema ni mambo ya kale, na vijana wengi wameacha. Mzee wangu hajaacha. Na mkamwana wangu, anayeshinda na suruali yenye grisi, naye hajaacha. Ameolewa hapa miaka mingi na hajui mzee ana kovu shavuni.

Nikampelekea mzee habari chumbani.

"Aendeshe," akasema. "Asinione, nisimwone. Mengine wewe ndiye utasema. Mimi nitakaa tu."

Basi wakaanza kubishana jikoni kwangu, mume na mke, mimi katikati nakoroga mboga.

"Boti ile ilichongwa kwa injini ya katikati," mwanangu akasema. "Kuna injini ya gari imelala kwa fundi kule Kyimo. Tunaiweka palepale pa zamani, boti inakaa sawa kama alivyoizoea baba."

"Injini ya gari imelala, umesema mwenyewe. Nani kaiamsha?"

"Itaamka."

"Na shafti? Tundu la shafti limeoza, nimeingiza kidole. Ukiweka injini ndani, maji yanaingia chini, mafuta yanatoka juu, na watu wanachota maji pale. Halafu ikizima? Fundi ashuke ule mteremko na spana mgongoni? Injini ya nje naifunga nyuma kwa nati, ikigoma naifungua, naibeba begani, naitengenezea hapa kwa mama huku nakula."

"Ukifunga injini nyuma pua itaangalia mbinguni."

"Tutaweka uzito mbele."

"Uzito gani?"

"Magunia ya viazi. Rungwe hii viazi vimekosekana, baba watoto? Au panda wewe."

Nilicheka kwa mdomo tu. Mzee akaita kutoka chumbani, maana ukuta wetu ni mwembamba, akaniambia mimi ili wao wasikie: "Waambie injini ikining'inia nyuma pale, boti inafanana na ng'ombe anayeharisha!"

Mkamwana akafunika mdomo kwa kiganja. Kicheko kikamtoka puani.

Wakanitazama mimi. Nikafikiri kwa namna niliyokuwa nafikiri siku hizo, kama mtu anayepanga kuni. Injini ya ndani, mwendeshaji anakaa mbele kwenye usukani, mzee nyuma yake, njia nzima anautazama mgongo wa mkamwana. Hiyo haiwezekani. Injini ya nje, mwendeshaji anakaa nyuma kabisa ameshika mkono wa injini, mzee mbele, haoni mtu, anaona maji. Na injini yenyewe ipo, kaka yake mkamwana anaweza kuileta kutoka Matema. Na miguu ya mzee ilikuwa inavimba. Asubuhi ukibonyeza kidole kinaacha shimo.

"Ya nje," nikasema. "Leteni mboga sahani."

Kaka yake akaileta nyuma ya pikap, akageuza siku hiyohiyo, maana usipa, dagaa wa Nyasa, ulikuwa umepamba moto kwao. Lakini ubao wa nyuma wa boti ulikuwa mrefu mno kwa injini ile. Pangaboi lilikuwa linaning'inia hewani. Lazima ubao ukatwe. Mwanangu akashuka na msumeno. Mzee alikuwa amekaa nje kwenye jua, na msumeno ukaanza kusikika kutoka shimoni, kwaa, kwaa. Alishika magoti yake. Nami nilisimama nyuma yake nikisubiri nisikie uchungu, maana nilijua hapo pana uchungu, mbao zile amezipaka mafuta maisha yake yote. Nikasubiri. Msumeno ukanyamaza. Nikaingia ndani kufua shuka.

Jioni nikashuka kuona kazi. Wamekata kama tandiko la punda, wamepigilia ubao mnene wa mkaratusi ndani kuongeza nguvu, injini imekaa. Pua imeinuka, lakini magunia ya viazi yameirudisha. Mkamwana akaingia akakaa nyuma, akashika mkono wa injini.

"Hivi, mama. Mkono hapa, macho mbele, nyuma huangalii kabisa. Baba atakaa pale." Akanionyesha kwa kidevu. Kidevu kikabaki kimeelekea pale. Kiti cha mzee kilikuwa mbele ya macho yake kabisa, kama picha ukutani.

Akanitazama. Nikamtazama.

"Nitakuwa namtazama baba njia nzima," akasema polepole.

Mimi nimekuwa mkamwana kabla yake. Nimelala kwenye matope na mzigo wa kuni kichwani kwa sababu baba mkwe alitokea kwenye kona. Na nikakaa jikoni kwangu nikapanga macho ya mwanaume, wapi yatazame, wapi yasitazame. Ya mwanamke hata sikuyakumbuka. Na ubao umeshakatwa.

"Avae miwani ya jua," mwanangu akasema.

"Miwani inaziba nini, wewe?" mkewe akamjibu. "Inakufanya uone kijani tu."

"Basi baba aachane na haya mambo mara moja. Mara moja tu! Ni mgonjwa."

"Kamwambie wewe."

Hakwenda. Nilikwenda mimi. Nikamwambia mzee hali ilivyo, sikupamba. Nikamwambia pia ubao unaweza kurudishwa, injini ya Kyimo ifuatwe, lakini hiyo haijawaka siku nyingi na mvua zinakuja. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Liacheni," akasema. Akageukia ukuta.

Hakula usiku ule, wala asubuhi. Uji niliupeleka ukarudi na ngozi juu. Dawa alimeza kwa sababu nilimshika pua. Sikumlilia wala sikumbembeleza. Nilikuwa naingia na kutoka chumbani kama mtu anayepeleka maji kwa mafundi. Lakini nilijua kitu kimoja, kama unavyojua mlango uko wazi bila kuuona: mtu huyu asipofika majini, atakufia ukutani pale, uso kwenye udongo.

Mkamwana ndiye alikuja jikoni. Akachutama karibu na meko.

"Mama, siku ya msiba wa shangazi tulipita na baba mlango mmoja. Unakumbuka? Ulisimama katikati ukatanua kitenge, yeye akapita huku, mimi nikapita kule."

"Nakumbuka."

"Pale katikati ya boti, palipokuwa na sanduku la injini ya zamani, pako tupu. Panakutosha wewe."

"Nami nikishika kitenge wewe utaona wapi? Utatupiga kwenye mwamba."

"Utaniambia wewe. Kushoto, kulia. Ziwa lenyewe bakuli, mama. Nitakwenda taratibu."

"Nitashika mikono juu ziwa zima kama nimekamatwa na polisi?"

"Ndiyo, mama."

Nikachukua kitenge changu cha upana, kizito, cha sherehe, nikamwonyesha mzee na kumweleza, naye akaacha kutazama ukuta.

Mwanangu alimbeba baba yake mgongoni kwenye mteremko, akiteleza na kutukana mizizi. Tulipofika, mkamwana alikuwa ameshakaa nyuma, ametupa khanga kichwani, ameinamia injini yake. Tukamweka mzee mbele, miguu juu ya magunia ya viazi. Nikakaa katikati, nikatanua kitenge nyuma yangu na juu ya kichwa, mimi uso wangu mbele. Mwanangu akatusukuma. Injini ikakohoa, ikashika.

"Kulia kidogo," nikasema. "Nyoosha. Kuna mtu anachota maji, mpishe kushoto. Nimesema kushoto!"

"Mama, nikisukuma mkono kulia boti inakwenda kushoto, subiri igeuke!"

"Isiwe inanibishia, igeuke."

Nilikuwa naona kisogo cha mzee na masikio yake tu. Masikio yamekuwa makubwa, au kichwa kimekuwa kidogo. Pua ya boti ikakata maji, yakafunguka pande mbili, na mbao zile zikaanza kutetemeka chini ya miguu yetu. Akaweka kiganja ubavuni mwa boti.

"Mwambie mwendeshaji," akaniambia, "injini yake imekosa hewa kidogo. Alegeze."

"Baba anasema ulegeze."

"Nimesikia, mama. Mwambie baba ni kweli, nalegeza."

"Amesema ni kweli."

"Nina masikio," mzee akasema. Sauti ya injini ikabadilika, ikawa laini. Akaitikia kwa kichwa. "Ndaga. Mwambie ndaga fijo."

Neno hilo la asante sikulipeleka. Kitenge chenyewe kililipeleka. Nilisikia mkamwana nyuma amevuta pumzi.

Tulipofika upande wa pili upepo ukateremka kutoka ukingoni ukaingia chini ya kitenge. Kikavimba kama tanga. Mikono yangu ilikuwa imeishiwa nguvu, nikasema, "Kinaniponyoka, fumbeni macho, wote wawili!" Mzee hakugeuka. Alirudisha mkono wake nyuma, akipapasa hewani mpaka akapata pindo, akalishika akalibana chini kwenye mbao. Upande wa nyuma nikahisi kitenge kimevutwa. Mkamwana alikuwa amekanyaga pindo lingine kwa mguu. Kikakazika kati yao kama ngozi ya ngoma, mimi nikashusha mikono.

Tukalimaliza duara. Mwanangu alikuwa ufukweni, amekunja suruali, tayari kutupokea.

"Mwambie," mzee akasema, hajaachia pindo, "kama mafuta yapo, asisimame."

"Yapo," mkamwana akajibu kabla sijafungua mdomo.

Nikampungia mwanangu mkono asogee kando, nikasema kushoto, na tukampita.