Sifuri ya Chumba cha Rangi

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa moja: Mwanaisha alinishinda akili, au alijua tu kujionyesha? Ninyi mlioajiriwa baada yangu mnaniuliza kazi yangu ya vipimo ilianzaje. Ilianza kwa wivu.

Mimi naye tuliingia siku ile ile katika kiwanda cha rangi huko Changamwe, wahitimu wawili wa kemia, na nafasi ya kudumu ilikuwa moja. Siku ya kwanza Msimamizi wa Maabara alimkabidhi kila mmoja kihisi cha kupima mvuke wa thina, kile kimiminika cha kuzimulia rangi. Ndani yake mna fuwele inayotetemeka, iliyopakwa molekuli zenye umbo la kikombe. Molekuli ya thina huingia kikombeni ikakaa, kama mgeni kwa mwenyeji wake. Fuwele huzidi uzito, mtetemo hupungua, namba hupanda.

Kila asubuhi kihisi huwekwa sifuri kwanza, yaani huambiwa kwamba hewa iliyopo ndiyo mwanzo wa kuhesabu. Mimi nilikiweka changu papo hapo, katika chumba cha kuchanganyia rangi. Mwanaisha alitoka na chake hadi langoni, akasimama kwenye upepo, walinzi wakimsalimu kwa jina. Mimi hawakulijua langu.

Tulipopima hewa ya chumba hicho, namba zake zilikuwa juu, zangu chini. Msimamizi alizipenda zangu, maana zilionyesha hewa ni salama. Alisema kihisi cha Mwanaisha ni kibovu, na Ijumaa angeamua nani abaki. Nilipaswa kufurahi. Lakini mbona Mzee Kombo, mchanganyaji wetu, alilalamika kuumwa kichwa kila jioni?

Nikamwamkia, nikamwuliza. Akanicheka.

"Mwanangu, chombo chako unakiamshia humu humu kwenye harufu. Kishashiba. Kitaonja nini tena?"

Vikombe vyangu vilikuwa na wageni tayari nilipovihesabu vitupu. Mwanaisha alilijua hilo tangu mwanzo, wala hakujigamba, na hapo ndipo wivu uliponiuma zaidi. Nikinyamaza, kazi ni yangu.

Ijumaa nilikwenda langoni, nikaweka sifuri, nikarudi chumbani. Namba ikapanda mpaka ikalingana na ya Mwanaisha. Nikampelekea Msimamizi.

"Namba zangu zote si kweli. Za Mwanaisha ndizo."

"Unajua unajifukuza?"

"Najua. Lakini Mzee Kombo yumo mle ndani sasa hivi."

Nikafungua daftari la vipimo, nikapiga mstari juu ya kurasa zangu zote, nikatia sahihi. Wivu ulikuwa bado haujaniisha. Nikaenda nao hivyo hivyo kumwita Mzee Kombo atoke.