Chemba Isiyoziba

Jina la Sawasawa fundi huyu hakupewa na wazazi wake, amelipata kazini. Kila kitofali anachokitandika hukigonga kwa nyundo ya mpira, hukiwekea pima maji, kisha hujisemea polepole, "Sawasawa." Asiposema hivyo, ujue kitofali kinang'olewa. Vibarua walimkimbia zamani, wakisema mzee ni mnoko kupita kiasi, naye hakuwabembeleza warudi. Akafanya kazi peke yake. Nyumbani nako yuko peke yake: mkewe amefariki, wanawe wako miji ya mbali na kupiga simu kwao ni mpaka wakumbuke. Jioni anapika kidogo, anakula kwa kusimama hapohapo jikoni, analala. Zipo siku jua linakuchwa hajatamka kitu kingine zaidi ya hilo sawasawa lake.

Basi akaitwa kwenye nyumba moja kutandika vitofali ua wa nyuma, watu wapate mahali pa kukaa jioni. Aliyemwita alikuwa mkamwana wa nyumba ile, mwanamke mchapakazi, mwepesi wa kusema na mwepesi wa kucheka. Sasa pale katikati ya ua palikuwa na chemba ya maji machafu, na mfuniko wake wa chuma umeliwa na kutu. Mkamwana akausukuma kwa ncha ya kiatu.

"Hili dude lifukie, fundi. Pitisha vitofali juu yake, nisilione tena."

"Mwanangu, nikilifukia leo, siku likiziba mtavunja ua mzima mkilitafuta."

"Kwa hiyo nialike wageni waje kutazama choo?"

"Msikilize fundi," ikasema sauti kutoka mlango wa jikoni. "Wewe ulichokificha kwenye kabati lako tu hukioni, utaiona chemba iliyo chini ya ardhi?"

Huyo alikuwa mama mkwe. Miguu yake ilikuwa imechoka, basi walimwekea kiti pale mlangoni, na kutoka kwenye kiti kile aliona yote na kuyasemea yote. Mkamwana akacheka, akashindwa kesi.

Fundi akawaeleza kwamba uko mfuniko wa aina nyingine, wa sinia. Ni sinia la chuma lenye kina, unalijaza vitofali vilevile vya uani, likikaa kwenye fremu yake unaona mstari mwembamba tu pembeni. Ukitaka kulifungua, unatia funguo zake mbili za chuma kwenye matundu, unazungusha, unanyanyua. Bila funguo hizo halinyanyuki, labda ulivunje.

Kazi ikaanza. Ua ulikuwa unapanda juu kwa kifusi na mchanga, kwa hiyo chemba nayo ilibidi ipandishwe. Akang'oa fremu ya zamani, akajenga shingo ya chemba kwa matofali, akaipiga plasta ndani mpaka ikawa laini, maana uchafu hupenda kushika palipokwaruza. Akavuta uzi, akaweka mteremko maji ya mvua yaukimbie ukuta wa nyumba. Fremu akaiweka, akaipima, hakuridhika, akaing'oa, akaiweka upya.

"Umeshaipima hiyo," akasema mama pale kitini.

"Imelala kidogo upande huu, Mama."

"Hata mimi nimelala upande mmoja na hakuna anayening'oa."

Fundi akacheka. Alikuwa hajacheka siku nyingi, na kicheko chenyewe kikamtoka vibaya, kama kikohozi.

Toka hapo ikawa ndiyo desturi. Saa ya chai ikifika, mama anapiga kikombe kwa kijiko, fundi ananawa, anaketi juu ya ndoo aliyoifudikiza. Wanazungumza. Mama alimuuliza habari za mkewe, si ile pole ya juujuu, bali alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini, waligombana kwa lipi. Fundi akajikuta anasimulia mambo ambayo hata wanawe hawajawahi kuyasikia. Mama naye akamwambia lake. "Hapa nyumbani wananipenda, mdogo wangu, nisiseme uongo. Ila wote wana haraka. Wewe peke yako ndiye unayekaa chini."

Kwa kweli fundi alianza kuivuta kazi. Vitofali vya kwenye sinia alivikata, akavikataa, akavikata tena, mpaka mistari ya ua ikapita juu ya mfuniko moja kwa moja bila kupinda hata chembe. Lakini kazi ni kazi, huisha. Akapaka grisi ukingoni ili harufu isitoke, akashusha sinia, akalipigapiga. "Sawasawa," akasema, na safari hii akachelewa kunyanyuka.

Funguo mbili za mfuniko zilipaswa kubaki kwa wenye nyumba. Alizitia kwenye mfuko wake wa vifaa pamoja na vitu vingine, bila kufikiri. Alipofika getini akazikumbuka. Akasimama, mkono juu ya komeo. Halafu akatoka nazo.

Tusizungushe maneno: alitaka aitwe. Chemba hazina budi kuziba siku moja, nayo ikiziba watatafuta funguo, wakizikosa watampigia, atakuja, atanawa mikono, kikombe kitapigwa kwa kijiko. Kwenda hivihivi kusalimia hakuweza. Tangu ujana wake alijiwekea sheria kwamba fundi haingii nyumba ya watu bila kuitwa. Utabisha hodi useme umefuata nini? Watadhani unaomba kazi.

Akangoja. Mvua zikaja, zikanyesha usiku na mchana, na yule mzee aliyeishi kwa kuogopa kazi yake isije ikaharibika, sasa alilala akiomba iharibike. Simu ikilia anafuta mikono mbio, kumbe ni mtu amekosea namba. Mvua zikaisha. Jua likakausha mitaro. Hakuna aliyempigia.

Mwishowe sheria yake ikamshinda. Akavaa shati la kutokea, akachukua zile funguo, akaenda.

Mkamwana alifungua mlango, akafurahi kweli. "Fundi wetu! Umepotea."

"Nimeleta funguo za mfuniko, mwanangu. Nilizichukua kwa bahati mbaya."

"Kwani ulikuwa nazo wewe? Hatujawahi kuufungua."

Wakapita hadi uani. Ua ulikuwa umetulia, safi, na mlangoni pa jikoni hapakuwa na kiti.

"Mama yuko wapi?"

"Wifi yangu alikuja kumchukua, akaishi naye kule kwao. Mbali, fundi. Hata sisi tutamwona kwa shida." Akatikisa kichwa akicheka kidogo. "Alitutesa kwa ajili yako. Kila siku, fundi wangu hajapita? Tukamwambia, mama, fundi haji bila kazi. Akasema basi haribuni kitu. Unajua tulimkamata anamwaga mafuta ya kupikia kwenye sinki? Kesho yake maganda, keshokutwa majivu. Na chemba yako ikapitisha vyote."

Fundi aliutazama mfuniko wake, jinsi mistari ilivyopita.

"Ngoja nimpigie," akasema mkamwana, akapiga, akampa simu.

"Nani?" ikauliza ile sauti.

"Mimi, Mama. Fundi wa ua. Niko hapa kwenu."

"Imeziba?"

Mkamwana alikuwa amesimama karibu, anasikia. Fundi akakohoa. Maisha yake yote hakuwahi kuisingizia kazi yake ubovu.

"Imeziba, Mama. Imeziba vibaya."

Mama akacheka, akacheka sana, mpaka kicheko kikaanza kukatika.

"Sasa ndiyo inaziba," akasema, "mimi nimeshaondoka."

Fundi akabaki ameshika simu sikioni, hata baada ya upande wa pili kukata, mpaka mkamwana akanyoosha mkono kuichukua.