Kilemba Kilichoingia Tumboni mwa Tembo

Tembo mweupe wa Husa, bonde la wafua visu, hana hata mfupa mmoja, ni mianzi na karatasi tu, lakini aliwahi kumvua mtu kofia mbele ya watawa. Aliyemtuma ni Lang Huanmei, mke wa Cao mhunzi.

Miaka nenda miaka rudi, Cao ndiye aliyeingia tumboni mwa tembo siku ya sikukuu, akavuta kamba ya mkonga. Akivuta yeye, watu wa kijiji cha pili waliinama wasipigwe. Mwaka huo bega lake lililochoshwa na nyundo likagoma. Huanmei akasema ataingia yeye. Ngozi ya ule mkonga si aliishona yeye?

Zhao Dehuo, mkuu wa sikukuu, akacheka mpaka akamwaga pombe yake ya mchele.

"Mke wa Cao, na hicho kilemba utakiweka wapi? Mlango wa tumbo hata mbwa anaupita kwa kuomba."

"Nitapita."

"Kichwa wazi? Mbele ya shemeji zako?"

Hapo alimbana. Mke wa mtu Husa havui kilemba hadharani, na cha Huanmei kilikuwa cheusi, kirefu, shomoro walishataga juu yake vizazi viwili naye hana habari. Zhao akampa kamba mpwa wake, Senba, jitu la kubeba nyati begani.

Siku ikafika. Ngoma zikalia, upatu ukaitika, joka la kijani, nalo la karatasi, likatikisa kichwa kumwamkia tembo. Sasa tembo anyanyue mkonga kuelekea hekaluni, ndipo watu wacheze. Senba, aliyesukumwa kuingia kama gunia, akavuta kama anayenasua nyati matopeni. Kamba ikakatika. Mkonga ukaning'inia kama soksi iliyoloa, ngoma zikanyamaza.

"Leteni kamba," Zhao akaita.

Zikaja za kufungia ng'ombe, nene, hazipiti kwenye pete za mianzi ndani ya mkonga. Huanmei alikuwa anakula tambi za mchele kiganjani, kama zinavyoliwa Husa. Akalamba kiganja, akasogea mpaka kwa tembo, akaanza kufungua kilemba.

"Huanmei," Cao akanong'ona, "watu wanatazama."

"Si ndicho walichojia?"

Kitambaa kikafunguka, kikafunguka, kikazunguka uwanja, kuku wakajikwaa.

"Shemeji, hiyo ni aibu," Zhao akasema.

"Aibu ni tembo kuinamisha pua kama anatafuta sindano. Una kamba nyembamba? Nipe, nami nijifunge kilemba tena."

Hakuwa nayo. Huanmei akamvuta Senba kifundo cha mguu. "Toka mwanangu, kanywe supu." Akaingia, mvi nje nje, akapitisha kilemba chake pete kwa pete, akavuta.

Mkonga ukapanda. Ukaamkia hekalu, ukaamkia joka, kisha ukafanya ambalo hakuna aliyeliomba: ukashuka kwa Zhao, ukamwondolea kofia na kuitundika kwenye pembe ya joka. Wengine huapa kwamba ulimnywea na pombe. Watawa walifunika midomo, mabega yakawa yanacheka yenyewe. Watu wakacheza mpaka vumbi likaomba kupumzika.

Ngoma zilipokwisha, Zhao akagonga tumbo la tembo.

"Toka, mke wa Cao. Chukua kilemba ujisitiri."

"Kilemba kimepata kazi."

"Mwakani tutatia kamba ya kweli."

"Hiki hakitoki. Anayekitaka akikate, na visu vyote vya hapa kafua mume wangu, havitathubutu. Niambie kwanza: mwakani anaingia nani?"

Zhao akatazama watu. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Cao akaipiga ngoma pigo moja, akatulia.

"Kofia yangu," Zhao akasema.

"Anaingia nani?"

"Wewe, basi. Wewe."

Mkonga ukaifuata kofia kwenye pembe, ukaileta taratibu, ukaiachia ndani ya bakuli la supu la Zhao. Huanmei akatoka, vipande vya karatasi vimemganda nywele. Mke wa Senba akamtupia shuka ajifunike. Huanmei akaikunja vizuri, akaitia kwapani, akaenda zake kichwa wazi, na kati ya njia mbili za kwao akachagua ile ndefu, inayopita mlangoni kwa Zhao.