Baba Mkwe na Upana wa Tangi

Nakumbuka siku moja ya kiangazi pale Chonyonyo, mwanangu, nikiwa mke mpya ambaye hata kucheka nachekea jikoni. Chemchemi ilikuwa imekauka. Maji yote ya nyumba yalikuwa yale ya mvua, ndani ya tangi la saruji la mviringo, na wifi yangu alikuwa amejifungua juzi tu.

Asubuhi akaja jirani mwenye arusi, akaomba maji ya kukamulia ndizi za pombe. Kwetu, kumnyima mtu wa arusi maji ni aibu ya ukoo. Baba mkwe akachukua fito, akapima: upana wa tangi mita mbili, kina cha maji mita moja. Akapiga hesabu kwa mkaa ubavuni mwa tangi. "Mapipa ya lita mia mbili, sitini na ushee! Chukua hata thelathini."

Nilipoziona zile namba nilijua amekosea. Alikuwa amezidisha upana mzima kwa upana mzima, na sisi darasa la saba tulifundishwa kuchukua nusu yake: moja mara moja, mara pai, mara kina. Hayakufika hata mapipa kumi na sita! Jirani angeyamaliza yote, na kichanga je? Lakini kwa mila zetu mkamwana hasemi na baba mkwe. Nikamenya ndizi huku nikirudia hesabu kichwani, nikimwomba Mungu niwe mimi niliyekosea. (Ndiyo, niliomba niwe mjinga.)

Pipa la tatu lilipojazwa, nilishindwa kuvumilia.

"Mama," nikamwambia mama mkwe, mzee mwenyewe akiwa palepale, "mwambie baba huchukuliwa nusu ya upana."

Mzee akarudia hesabu polepole, kisha yeye mwenyewe akamfuata jirani kumwomba radhi kwamba thelathini hazipo. Mkubwa ni jalala. Aliporudi alivunja mila, akanitazama usoni.

"Ulijua tangu asubuhi?"

"Ndiyo, baba."

"Na mtoto tungemwogesha heshima yako?"

Nililia, mwanangu. Hadi leo neno lile linanichoma.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukiona mkubwa amekosea, tafuta mlango wa adabu, lakini uutafute upesi, kwa maana madhara hayamngojei mwenye haya. Mungu akupe ulimi wenye adabu na usiochelewa, na akujalie wakubwa wanaokubali kuhesabu upya.