Pepo Aliyetaka Harusi Kabla ya Ramadhani

Aibu yangu hii mume wangu alikufa bila kuijua, Mungu amrehemu, na nilikusudia niende nayo kaburini, lakini juzi nimewasikia wajukuu wakihadithiana jikoni, tena wameichafua kabisa (eti nilipanda juu ya paa), basi afadhali niiseme mwenyewe kwa mkono wangu huu uliojifunza kuandika ukubwani, kwenye masomo ya ngumbaru.

Ilikuwa miaka ya sabini, tunakaa Ngara, mume wangu anafundisha watoto Kurani mjini, mimi nina kiduka cha leso. Asubuhi moja nafungua duka, ubao wa dirisha ukachomoka ukanishukia utosini, nikazinduka niko chini nimezungukwa na miguu ya watu. Hospitali wakasema ubongo umetikisika, nipumzike. Kichwa kikaacha kuuma, lakini wiki ya sita ardhi bado ilikuwa godoro, na nikigeuka ghafla Ngara yote inageuka na mimi. Nilikuwa nikimpimia mteja leso namshika yeye nisianguke, naye anadhani nampenda.

Nikarudi hospitali, nikakabidhiwa kwa bwana mmoja wa mazoezi, Mluhya mwenye sauti nzito kama pipa, akiitwa Wafula. Mimi nilitaka vidonge.

"Mama, vidonge vilikuwa vya siku za kwanza," akasema. "Ukiendelea navyo kichwa kitazidi kulala. Hiki kizunguzungu hukikimbii, unakiendea."

Kumbe ndani ya sikio mna mizani, ikivurugika ubongo unafundishwa upya kama mtoto. Na mafunzo yenyewe sasa: unatembea juu ya mstari, kisigino kinagusa ncha ya mguu wa nyuma, mikono umeitandaza, kichwa unakigeuza kushoto, kulia, halafu unasimama, unanyoosha kidole gumba mbele ya uso, unakikodolea macho na kutikisa kichwa. Mara tatu kwa siku, bila kukosa, na mtu awe karibu akushike.

"Na watu wakiniona?"

"Wataona mama anatembea." (Muongo yule.)

Wakati huohuo binti yangu Mwanaisha alikuwa ameposwa na kijana karani wa serikali, wanakaa Kileleshwa, nyumba yenye ua na nyasi, na mama yake, Bi Zuhura, mtu wa Mombasa kama sisi. Siku ya posa waliuliza yanayoulizwa: kwenu hakuna kifafa, hakuna wazimu, hakuna maradhi ya kichwa? Nikajibu, "Hakuna, alhamdulillahi, hata mafua," na plasta iko chini ya mtandio. Niliogopa. Nawajua watu wetu, ukisema kizunguzungu asubuhi, alasiri kishakuwa kifafa, na binti yako amerithishwa ugonjwa ambao hata wewe huna, na posa imevunjika. Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, kama punje ya mtama.

Jumapili moja Bi Zuhura akatualika kina mama chakula cha mchana, tupange siku ya harusi. Saa ya chakula ndiyo saa ya mazoezi.

"Mama, leo acha," Mwanaisha akaninong'oneza.

"Nimeambiwa bila kukosa."

"Basi waambie."

"Niwaambie nini, nikuozeshe nani? Wewe kaa hapa ugawe sharubati, mtu asinifuate."

Nikatoka nyuma ya jiko, nikakuta ukingo wa mfereji wa saruji, umenyooka vizuri kuliko mstari wa Wafula. Nikatandaza mikono, buibui likapepea, kisigino, ncha, kisigino, ncha, kichwa kushoto, kulia, na kizunguzungu hicho kinakuja, nami nakikaribisha kama nilivyofundishwa, "Njoo, njoo mwanangu, usiniogope." Nikasimama, nikatoa kidole gumba, nikatoa macho. Nyuma ya kidole, kwenye dirisha la jiko, nikamwona Bi Mwanakombo, shangazi wa bwana harusi, upawa mkononi.

Hakupiga kelele. Aligeuka tu akasema, "Zuhura, mgeni wako kapandwa."

Pwani kwetu mtu akipandwa na pepo hakemewi, anafukiziwa ubani na kuulizwa jina lake na haja yake. Kabla sijashusha kidole nimeshakalishwa mkekani, leso nyekundu kichwani, chetezo kinafuka chini ya pua yangu, wanawake wamenizunguka.

"Karibu, mgeni," Bi Mwanakombo akasema kwa adabu. "Jina lako nani? Wataka nini?"

Hapo ndipo ningesema kweli. Lakini nikapiga hesabu yangu ya kijinga: kifafa hakiondoki, pepo akipewa haja yake huondoka, na watu humheshimu. Nikaazima sauti ya Wafula, maana ndiyo nzito pekee niliyokuwa nayo.

"Mimi natoka mbali. Nataka marashi."

Nikanyunyiziwa marashi.

"Nataka halua."

Ikaja halua, nikala. Ningeishia hapo ningepona, lakini wenzangu, utawala ni mtamu, sijawahi kutiiwa vile na watu wazima. Mwanaisha kasimama mlangoni na sinia la sharubati ananitazama kama nimemuuza.

"Nataka harusi kabla ya Ramadhani," nikanguruma. "Na bibi harusi asikae na mavyaa, apangiwe nyumba yake."



Bi Zuhura akauliza taratibu, "Na karamu tuifanyie wapi, ewe pepo?"

"Ngara. Kwa mama yake pana nafasi."

Bi Mwanakombo akaweka upawa chini. "Mapepo ya kwetu nayajua yote," akasema. "Hakuna linalojua nyumba za Ngara."

Nikaona bora pepo aondoke kwa heshima. Nikainuka, na ule moshi, na ile halua, na kichwa changu, nyumba ikapinduka, nikarudi kinyumenyume nikakaa, kwa uzito wangu wote, ndani ya sinia la pilau ya watu ishirini. Ilikuwa ya moto.

Mwanaisha akaangua kilio. "Si pepo. Mama aliangukiwa na ubao kichwani, anafanya mazoezi ya hospitali. Alificha kwa kuwaogopa nyinyi."

Bi Zuhura akanitazama. "Na ile 'hata mafua'?"

"Uongo," nikajibu kwa sauti yangu mwenyewe, punje za wali kwenye kiwiko.

Mimi siwezi kuinuka bila kushikwa, na hakuna anayenishika. Niliiona posa ya mwanangu inatoka mlangoni.

"Maradhi ya ubao hayarithiwi," akasema mwishowe. "Nilikuwa naogopa uongo ndio unarithiwa. Lakini mtoto huyu kasema kweli mbele ya mama yake aliyekaa kwenye pilau. Huyo namtaka. Nyumba ya peke yao hakuna, mwambie pepo wako."

Bi Mwanakombo ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akajishika ukuta, kisha wote, na mimi pia, na pilau ya upande ambao sikuukalia ikaliwa.

Harusi tuliifanya. Kizunguzungu kilinitoka mwezi wa tatu wa kuendea ule mstari, sasa na Mwanaisha kanishika kiwiko mchana kweupe. Na tangu hapo nimeapa sitaficha tena ugonjwa: mtu akiniuliza hali namweleza hali, magoti, macho, tumbo, choo, kimoja kimoja, mpaka ajute kuuliza.