Mtu Ambaye Mwalimu Alisema Atakuja

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, na haikuwa siku ya sherehe. Mvua ya Bukavu ilikuwa inapiga mabati ya shule, na katika darasa la Kijerumani tulikuwa tumebaki wawili tu, mimi na mwalimu.

Ngoja nikueleze kwanza tulivyofika hapo. Nilikuwa sekondari, shule ya masista kule mlimani, na mwalimu wetu aliitwa Mugisho, mtu wa kabila la Washi kama mimi. Katika ujana wake mapadri walimpeleka kusoma Ujerumani, akakaa huko miaka mingi, akarudi na koti moja zito ambalo hata jua likiwaka hakulivua. Sisi wasichana tulimcheka sana kwa lile koti, Mungu atusamehe.

Kijerumani kilikuwa somo la hiari, jioni, wengine wakienda nyumbani. Mwanzoni darasa lilijaa. Kisha ikajulikana kwamba hakiulizwi katika Exetat, ule mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, na unatujua sisi Wakongomani na Exetat yetu: kisichoulizwa hatukitaki. Tulichambua masomo kama mtu anayechambua maharagwe, hili linaulizwa, hili haliulizwi, tupa. Wenzangu wakaondoka mmoja mmoja. Nyumbani maman, aliyekuwa akiuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, soko la Nyawera, akaniuliza hicho Kijerumani nitakisema na nani, na hao samaki wake?

Basi siku ile ya mvua nilikuwa nimekuja kuaga.

“Mwalimu, hii luga haiko mu Exetat,” nikamwambia. “Na hapa Bukavu hakuna mutu nitasema naye.”

Hakukasirika. Aliweka chaki chini, akafunga vifungo vya koti.

“Binti yangu,” akasema, “kama unajifunza juu ya Exetat, utasahau yote siku ya kutoka mu salle ya mutihani. Jifunze juu ya mutu.”

Nikamuuliza nijifunze kwa ajili ya mtu gani.

“Mi sijue. Ila atakuya. Na siku atakuya, usikose kitu ya kumwambia.”

Halafu, kwa sauti ya chini, akaniambia kwamba alipokuwa Ujerumani alikuwa akilala akitamani mtu wa kumsalimia kwa Mashi, lugha yetu, na sasa yuko Bukavu anatamani mtu wa kumjibu kwa Kijerumani. Ndipo nikaelewa lile koti, mwanangu. Ni hamu aliyokuwa ameivaa. Nikarudi kwenye benchi, nikakaa.

Tukaendelea wawili mpaka nilipomaliza shule. Alinifundisha kuuliza, kushukuru, kuomba radhi, kuaga. Wakati mwingine aliniacha niseme vibaya bila kunisahihisha, kwa furaha tu ya kusikia. Haba na haba hujaza kibaba, nami kibaba changu kikajaa.

Maisha yakapita. Ujerumani niliiota, sikuiona. Niliolewa, nikafundisha watoto wa shule ya msingi, nikazaa wangu. Kijerumani nilikisema peke yangu nikiosha vyombo, na watoto walidhani maman yao anasali. Mwalimu Mugisho akafariki, tukamzika na koti lake. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini iko miaka niliyoona kabisa kwamba yangu imeoza.

Aliyekuja kwenda Ujerumani ni Bahati, mwana wangu wa kwanza. Akaoa huko, akapata mtoto, Elia. Bahati anafanya kazi ya zamu, anarudi nyumbani amechoka, na Kiswahili hakumpa mtoto. Nilimwambia mwacha asili ni mtumwa, akacheka, akasema atamfundisha kesho. Hiyo kesho mpaka leo tunaingoja.

Kila Jumapili baada ya misa tunapiga simu ya video. Jamaa wote wanasongamana mbele ya simu, wanamwita mtoto kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa Mashi, wanapunga mikono, naye anajificha nyuma ya mguu wa babake. Mimi nilikuwa nakaa nyuma. Kijerumani changu kilikuwa kimeota kutu, nikaona haya mkwe wangu asije akanicheka. Hata Jumapili moja dada yangu akachoka kupunga mkono, akarudi kwenye kiti.

“Tumuache tu,” akasema. “Huyu haiko wetu tena.”

Neno lile lilinichoma. Nilinyoosha mkono nikachukua simu, nikamuuliza Elia kwa Kijerumani ameshika nini. Mguu wa babake ukasogea, uso ukatokea. Alikuwa ameshika ng'ombe wa mbao. Fikiria, mjukuu wa Washi wafugaji, ng'ambo kule, na ng'ombe mkononi! Akanitajia jina la huyo ng'ombe, akanieleza anakula nini na analala wapi, maneno yanamwagika, nami nayadaka, mengine yananiponyoka. Bahati alikuwa ameshika mdomo. Kisha mtoto akaniangalia vizuri.

“Oma,” akasema, ndivyo wanavyomwita bibi kwao, “wewe unasema kama sisi. Basi kwa nini huishi hapa kwetu?”

Nyumba nzima ikaniuliza mtoto amesema nini.

“Anawasalimia,” nikasema. “Anawasalimia wote.”

Wakashangilia. Mimi nikaingia jikoni, nikashika muhogo nikaanza kuumenya, nikalia. Mwalimu aliniambia yule mtu atakuja. Hakuniambia atakuja akiwa mbali hivyo, wala kwamba kuelewa kunauma. Lakini laiti ningempata leo, hata dakika moja pale darasani, ningemwambia: amekuya, Mwalimu, na nilikuwa na kitu ya kumwambia.

Siku hizi Elia ndiye anayeingoja Jumapili. Nimeanza kumfundisha salamu yetu ya Mashi, anasema “Asinge, Oma” na kucheka, na dada yangu ndiye wa kwanza kumjibu.

Basi mwanangu, ukija kwangu kusema somo fulani utaliacha kwa kuwa haliulizwi, nitakwambia usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mtihani ni wa asubuhi moja. Jifunze kwa ajili ya mtu, hata kama bado hujamwona uso. Na wewe utakayevuka kwenda mbali, mpe mtoto wako lugha ya bibi yake, mzee asiachwe atembee njia yote peke yake.

Mungu akulinde uendako na urudipo. Mtu wako akija, akukute na neno mdomoni. Na siku atakapokuuliza swali gumu kama nililoulizwa mimi, Mungu ajalie awe karibu, umjibu kwa kumkumbatia.