Mtumishi wa Kwenye Kaseti

Sikulala, nikijiuliza kama ni dhambi kumfedhehesha shangazi kwa jambo la utotoni. Kaseti niliikuta kabatini kwa bibi, mjini Ibra, bado inanuka udi. Kilikuwa kichekesho cha televisheni cha Kiingereza: familia ya enzi za magari ya farasi, baba mwenye ndevu za mashavuni, na mtumishi wa kike mwenye masizi usoni. Shangazi alikulia Bujumbura, akajua Kifaransa tu; sisi tuliamini Kizungu ni kimoja, basi yeye ndiye aliyetutafsiria.

"Baba mtu anasema mtumishi wake punguani," alisema, akaninyooshea kidole. "Mtazameni, si huyu wetu?"

Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi. Nikaitwa Punguani hadi nilipomaliza chuo.

Sasa Kiingereza nakijua. Mtumishi hakutukanwa hata mara moja. Ndiye aliyewazidi wote akili.

Siku ya Idi, wageni walipojaa na halwa imeshapita, niliwasha deki niliyoitengenezesha mjini Firq.

"Shangazi, hebu tutafsirie tena."

"Wallahi nimesahau, mwanangu. Zima hiyo."

"Basi nitatafsiri mimi."

Nikatafsiri neno kwa neno, nikisimamisha picha kila pale alipotudanganya.